Kamera ni chumba

Wengi wetu hudhani kuwa kamera ni kile kisanduku chenye jicho la kioo. Walakini asili ya neno lenyewe, katika Kilatini, ni chumba, na jina lake kamili lilikuwa chumba cha giza, ambacho Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra, alikitafiti yapata miaka 1000 iliyopita.

Maana hiyo niliiona kwa macho yangu hapa Machakos, Jumapili alasiri, sebuleni kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye, kama marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, fundi wa picha za kuunganisha, alijifundisha mwenyewe kupiga picha. Alikuwa ameyaziba madirisha yote kwa mablanketi, akaacha upenyo wa kiasi cha punje ya hindi, na penye mwale ule akamsimamisha twiga wa kuchongwa wa Wamunyu, nyuma yake ametundika kanga, na ubavuni ameegemeza kifuniko cha sufuria ili kirudishe nuru. Kivuli cha shingo kikapanda hata darini.

"Usitikisike, mzee mwenzangu," akaniambia, akapiga picha. (Nasi husema kupiga, kama tupigavyo pasi na hodi, ingawa hapa hakuna kinachoguswa.)

Wingu likalifunika jua, mwale ukatoweka. Na macho yalipozoea giza, tukaona ukutani, kwa rangi hafifu, vilima vya Iveti vimepinduka, vilele chini, na mabati ya jirani mwingine yakining'inia juu yake.