Mwami Aliondoka, Ngoma Zikabaki

Katika harusi nyingi za Bujumbura hufika wakati mshereheshaji ananyamaza na wageni wanageuza viti kutazama mlango. Wapiga ngoma huingia kwa mstari mmoja, kila mtu na ngoma yake kichwani, wakiipiga kwa fimbo mbili huku wakitembea na kuimba. Wakifika mbele huzitua na kuzipanga nusu duara, moja ikabaki katikati. Simu hutolewa mifukoni. Wachache hujiuliza kwa nini mizigo mizito namna ile iingie vichwani, wakati gari lililoileta limeegeshwa hapo nje na ngoma zingeweza kupangwa ukumbini tangu asubuhi.

Zinaingia vichwani kwa sababu ziko safarini. Kile kinachoonyeshwa kwa nusu saa mbele ya bwana na bibi harusi ni maigizo ya msafara uliokuwa ukipanda na kushuka vilima vya Burundi kila mwaka, kuelekea nyumbani kwa mwami, mfalme wa nchi, kwenye sikukuu iliyoitwa umuganuro.

Sikukuu hiyo ilifungua msimu wa kupanda mtama, kuelekea mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimekwisha kukolea. Mtama ndio uliokuwa nafaka ya heshima katika ufalme: uliliwa kama ugali, ulinywewa kama pombe, na hapakuwa na posa wala tambiko lililokamilika bila mtungi wake. Mtu hakuwa na ruhusa ya kuutia ardhini kwa kujiamulia. Mwami alipaswa kwanza kula ugali wa mtama katika ibada iliyosimamiwa na wenye siri wa ikulu, watu wa koo maalumu waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Baada ya hapo ngoma zilipigwa, na nchi nzima ikajua kwamba mwaka umeanza.

Ikulu yenyewe haikuwa mji wa mawe. Wafalme wa Burundi walikuwa na makazi kadhaa na walihama kutoka moja hadi lingine, hasa katika nchi ya Muramvya: Bukeye, Mbuye na Muramvya kwenyewe. Wakati wa umuganuro, machifu na wajumbe wao walifika huko na vyakula, pombe na ng'ombe wa kutoa, wengine wakiwa wametembea siku kadhaa kwa miguu. Koo za wapiga ngoma nazo zilitoka kwenye vilima vyake. Hizo zilikuwa koo za Wahutu zilizokabidhiwa ngoma na ufalme, na maskani yao, kama Gishora na Higiro, yalihesabiwa kuwa mahali patakatifu. Kuchonga ngoma kulihitaji kibali cha mwami, na mti wake ulijulikana: mringaringa, ambao Warundi wanauita umuvugangoma.

Juu ya ngoma zote ilikuwepo Karyenda. Hii haikuwa ya kuchezewa harusini. Ilikaa ndani ya nyumba yake, ikitunzwa na msichana aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, Mukakaryenda, na ilitolewa nje kwa ajili ya umuganuro. Ngoma nyingine, Rukinzo, ndiyo iliyofuatana na mwami popote alipokwenda. Aliyeishika Karyenda ndiye aliyekuwa na nchi. Anayetaka kuuelewa ufalme ule vizuri na aanzie kwenye kifaa hicho cha mti na ngozi, kisha ndipo aende kwenye orodha ya akina Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, majina manne yaliyozunguka kwa zamu tangu mwanzilishi wake, Ntare Rushatsi.

Basi wakaja Wazungu. Mwezi Gisabo aliwapinga Wajerumani kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1903 alipolazimika kukubali masharti yao huko Kiganda. Alifariki mwaka 1908. Mwaka 1915 ufalme ukamwangukia Mwambutsa, mtoto mdogo asiyeweza hata kujifunga nguo, na mwaka uliofuata Wabelgiji wakaitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani. Mfalme mtoto, walezi wanaogombana, mtawala mpya anayetaka machifu wasikilize ofisi yake ya Gitega badala ya ikulu, na wamisionari walioziona ibada za mtama kuwa upagani mtupu: umuganuro haukuwa na mtetezi mwenye nguvu. Katika nchi jirani ya Rwanda, sikukuu ya aina hiyo hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1925, na Gashamura, mkuu wa ibada za ikulu huko, akahamishiwa Gitega. Yaani mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya mtama wa Rwanda aliletwa kukaa katikati ya Burundi, ambako siku za umuganuro wa wenyeji zilikuwa zikihesabika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nao ulikoma.

Hapa ndipo historia hii inapokuwa ya ajabu. Ibada ilikufa, ila wapigaji hawakuacha kupiga. Utawala wa kikoloni uliochukia tambiko ulifurahia tamasha, na ngoma zikaanza kuitwa kupokea wageni wa serikali. Karyenda haikutoka tena kwa ajili ya mbegu, lakini picha yake, pamoja na mmea wa mtama, iliwekwa katikati ya bendera ya uhuru iliyopandishwa tarehe 1 Julai 1962.

Haikudumu hapo. Mwaka 1966 kijana Charles Ndizeye alimwondoa baba yake, Mwambutsa, mwezi wa Julai, akatawazwa Septemba kwa jina la Ntare wa Tano, na tarehe 28 Novemba, mfalme huyo akiwa ziarani Kinshasa, waziri mkuu wake Michel Micombero akatangaza jamhuri. Kutoka kutawazwa hadi kupinduliwa haikufika hata miezi mitatu. Ngoma ikafutwa kwenye bendera, mtama ukabaki peke yake kwa miezi michache, na mwaka 1967 nao ukatoa nafasi kwa nyota tatu za leo. Ntare mwenyewe aliuawa Gitega mwaka 1972.

Ufalme wa kweli ukifa, wa kuigiza ulikuwa unazaliwa kwingineko: mwaka huo huo wa 1966, mwezi wa Mei, vijana wa Berkeley huko California walikusanyika uani kwa mmoja wao wakiwa wamevaa kama watu wa Ulaya ya karne za kati, wakapigana kwa panga za bandia. Mchezo ule ukazaa chama kinachoitwa Society for Creative Anachronism. Leo kina "falme" ndani na nje ya Marekani, na kila mwaka hukutana magharibi mwa Pennsylvania kwenye kambi iitwayo Pennsic War, ambako zaidi ya watu 10,000 hulala mahemani kwa wiki mbili hivi, wakipika, wakifua vyuma na kupigana kwa fimbo za henzirani. Mfalme wao hupatikana kwa pambano na kwa kawaida hukaa madarakani miezi sita. Yaani wale wa kuigiza hukaa kitini muda mrefu kuliko alivyokaa Ntare wa Tano, mfalme wa kweli.

Siwacheki watu wa Pennsylvania. Wanajua wanacheza, na wanachokiigiza kilikwisha kufa karne nyingi kabla hawajazaliwa. Wapiga ngoma wetu wana hali nyingine: wanaigiza jambo ambalo mababu wa baadhi yao walilifanya, kwa ngoma za aina ile ile, mbele ya serikali inayobadilika na kila mara kutaka zipigwe kwa ajili yake. Jamhuri iliyomfuta mwami ilizihifadhi ngoma zake, ikazivalisha rangi za bendera, nyekundu, nyeupe na kijani, na kuzituma ng'ambo.

Huko ng'ambo zilipokelewa vizuri mno. Rekodi iliyotolewa na lebo ya Ocora ya Ufaransa katika miaka ya 1960 ilizunguka dunia. Joni Mitchell aliitumia katika wimbo wake wa mwaka 1975, na wanamuziki wa Uingereza wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Adam and the Ants wakiwemo, wakajenga midundo yao juu yake. Mwaka 1982 wapigaji wenyewe walifika Shepton Mallet, Uingereza, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, na wakapiga jukwaa moja na bendi ya Echo and the Bunnymen. Umati ulikuwepo, kama kwenye umuganuro. Kilichokosekana ni mbegu.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Kutambuliwa huko kulileta heshima, na heshima ikaleta usimamizi. Mwezi wa Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitoa amri: kikundi kinachotaka kupiga nje ya sherehe rasmi kiombe kibali cha wizara, kilipe faranga 500,000, na wanawake wasipige kabisa. Waliotetea amri hiyo walisema ndivyo mila ilivyokuwa. Ni kweli wapigaji wa zamani walikuwa wanaume. Lakini ngoma iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa mikononi mwa Mukakaryenda, na mila inayomkumbuka mpigaji ikamsahau mtunzaji ni mila iliyokatwa nusu. Warundi waliotawanyika Ubelgiji, Kanada na Marekani wana vikundi vyao pia, na huko amri ya 2017 haimfikii msichana anayeshika fimbo.

Bujumbura yenyewe haikuwahi kuwa na umuganuro. Mji huu ulianzia kwenye kituo cha askari wa Kijerumani kando ya ziwa mwishoni mwa karne ya 19, na watu wa mtaa wa Buyenzi, waliokuja na Kiswahili chao kutoka upande wa Ujiji na wa Kongo, walikuwa na ngoma zao wenyewe, za harusi na za maulidi. Ndiyo maana anayetaka kuona chimbuko la ngoma za kifalme lazima apande gari. Barabara ya Gitega inapanda hadi Bugarama, inapita Muramvya, nchi ya makazi ya wafalme, na baada ya kilomita mia moja hivi unafika. Gishora iko kilomita chache kutoka Gitega. Masimulizi ya huko yanasema Mwezi Gisabo aliianzisha baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi, akaacha ngoma mbili, Ruciteme na Murimirwa. Majina yote mawili ni ya kazi ya shamba: moja linataja kufyeka msitu, jingine kulima. Wageni huonyeshwa nyumba za nyasi na ua wa kifalme, kisha wapigaji hushuka kwa mstari, ngoma vichwani. Ile ya katikati, inkiranya, huongoza; amashakwe hushika mdundo usiobadilika; ibishikizo hufuata. Mmoja mmoja huruka mbele, akapiga, akacheza, akampisha mwenzake.

Ni vizuri kutoa taarifa kabla ya kwenda. Wapigaji wengi ni wakulima, na mvua zikianza huwa shambani.