Habari za Liseu ya Passos Manuel katika Mji wa Lisbon

Katika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, iko skuli iitwayo Passos Manuel. Habari zake zamhusu kila mwalimu aliyepata kupewa amri njema pasipo kupewa nyumba wala vyombo.

Wajesuiti, waliokuwa waalimu wakuu wa vijana wa Ureno, walifukuzwa mwaka 1759. Serikali ikaweka waalimu wake mahali pao, nao wakafundisha kila mtu peke yake, huyu Kilatini, yule ufasaha wa maneno, bila skuli moja ya kuwakusanya. Hata baada ya mapinduzi ya Septemba 1836, Manuel da Silva Passos, aliyejulikana kwa jina la Passos Manuel, alikuwa waziri, na tarehe 17 Novemba mwaka ule ikatolewa sheria ya kuweka liseu katika miji mikuu ya wilaya. Jina hili asili yake ni Kiyunani, yaani Lykeion, mahali alipofundisha Aristotle huko Athens. Lakini waziri hakutaka mambo ya kale tu. Aliingiza lugha za watu wa sasa, fizikia, kemia, na elimu ya mimea na wanyama. Akaagiza kila liseu iwe na bustani ya majaribio na chumba cha kemia.

Fedha haikuwako, wala waalimu wa elimu hizo hawakutosha. Mwaka 1844 sheria ya Costa Cabral ilizipunguza elimu zile, Kilatini kikarudi mbele. Liseu ya Lisbon ikakaa miaka mingi katika nyumba zisizojengwa kwa kazi ya skuli. Tena kijana aliweza kusoma somo moja moja, pengine kwa mwalimu wa nyumbani, akaja liseu kufanya mtihani tu. Nadhani aibu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ukosefu wa bustani, kwani skuli isiyokaa na wanafunzi wake yawezaje kuwalea? Jaime Moniz ndiye aliyeitengeneza, mwaka 1894 na 1895: masomo yakafungamanishwa katika madarasa, mwaka kwa mwaka, miaka mitano ya wote na miwili ya juu. Mwaka 1905 ile miwili ikagawanywa, upande wa fasihi na upande wa sayansi.

Nyumba yenyewe ilijengwa katika kiwanja cha Konventi ya Jesus, kilichokuwa cha watawa hata mashirika yao yalipovunjwa mwaka 1834. Mfalme alianza kazi, Jamhuri ikafungua mlango, Januari 1911, miezi mitatu baada ya mfalme kuondolewa. Tangu sheria ya 1836 ilikuwa imepita miaka 74.

Sheria za 1936 na 1947 sitazieleza sana. Ya kwanza iliuacha mpango wa madarasa, ya pili ikaurudisha. Jambo zito zaidi lilikuwa njia mbili. Mtoto alipomaliza skuli ya chini, naye angali mdogo wa miaka kumi hivi, ilimpasa kuchagua: liseu, iliyoelekea chuo kikuu, au skuli ya ufundi na biashara, iliyowekewa sheria yake mwaka 1948. Kwa kweli aliyechagua mara nyingi ni mfuko wa baba yake.

Mwaka 1967 iliamriwa miaka miwili ya kwanza iwe moja kwa wote. Baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 njia zile ziliunganishwa, kuanzia 1975, na mwaka 1978 jina la liseu likafutwa katika sheria. Zote zikaitwa skuli za sekondari. Wengine walifurahi, wengine wakalalamika kwamba mafundi wamepotezewa skuli zao. Malalamiko hayo hayakuwa bure, maana mwaka 1983 masomo ya ufundi yalirudishwa, safari hii ndani ya skuli zile zile za sekondari. Sheria ya 2009 ikawalazimu vijana wote kusoma hata umri wa miaka 18, na nyumba ya 1911 ikatengenezwa upya katika miaka ile ile ipate kuwapokea.