Nani Aliizika Moro Jazz?

Ukitaka kuwagombanisha wazee wa Morogoro huna haja ya kuwatajia Simba na Yanga. Nenda kijiwe chochote cha kahawa, Mji Mpya au karibu na Soko Kuu, agiza kikombe na kashata, halafu uliza kama mtu asiyejua kitu: "Hivi wazee, Moro Jazz ilikufaje?" Basi. Kazi yako inayobaki ni kusikiliza. Drafti itasimama, kofia zitavuliwa, na mwenye kahawa atasahau kudai pesa yake.

Nimeusikia ubishi huo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa sigara. Babu yangu mzaa mama ni mmoja wa mawakili wake wakubwa. Kwake yeye kesi ni nyepesi: Mbaraka Mwinshehe aliiua Moro Jazz siku alipoondoka mwaka 1973, na aliondoka kwa kiburi. "Alijiona ni mkubwa kuliko bendi," husema, akigonga fimbo chini. Mzee mwenzake, fundi baiskeli wa mtaa wetu, hakubali hata kidogo. Anasema bendi ndiyo iliyombana kijana wa watu, na kwamba mtu hawezi kuua kitu ambacho yeye ndiye aliyekuwa roho yake. Wamebishana hivyo zaidi ya miaka arobaini. Wamezeeka wakibishana.

Mimi nilitaka kuandika habari zao kama hadithi ya kuchekesha. Nilipoanza kupanga miaka kwenye daftari nikaona kwamba jambo lenyewe si la kuchekesha, na kwamba wote wawili wamepotea njia mahali pamoja.

Tuanzie kwenye mji. Morogoro, Mji Kasoro Bahari, imelala miguuni mwa Milima ya Uluguru, kama kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1907, na nje ya mji yakatandazwa mashamba ya mkonge. Kwa hiyo palikuwa na watu wa kila kabila waliokuwa wanapokea mshahara, na palikuwa na wenyeji Waluguru walioshuka kutoka Mgeta na mboga zao, kutoka Kinole na ndizi zao. Mtu akishauza mzigo wake Jumamosi, jioni hana haraka ya kupanda mlima. Ndiyo maana mji mdogo kama huu uliweza kulisha bendi mbili kubwa za dansi kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Ya pili ni Cuban Marimba, aliyoiunda Salum Abdallah mwaka 1952. Salum ndiye yule kijana ambaye, kama inavyosimuliwa, alitoroka nyumbani kwa kupenda santuri za Kuba akitaka kwenda huko huko Kuba, safari ikamwishia Mombasa. Akarudi, na badala ya yeye kwenda Kuba, akaileta Kuba Morogoro. Mji ukagawanyika. Ulikuwa wa Cuban au wa Moro Jazz, na hata wachumba waliulizana kabla ya kuposana, kama babu hanidanganyi.

Mwaka 1965 Salum Abdallah akafa kwa ajali ya gari. Hapa ndipo hutia neno mzee wa tatu wa kijiwe chetu, ambaye ni Cuban damu. Hunyamaza muda mrefu, halafu huwaambia wenzake: "Sisi tulifiwa. Ninyi mliachwa. Aliyefiwa huanua tanga, akaendelea na maisha. Aliyeachwa hukaa barazani analaumu." Watu hucheka, lakini kuna kitu ndani yake. Baada ya Salum, Cuban Marimba ilishikwa na Juma Kilaza, ikaendelea kurekodi na kupendwa. Bendi ilipoteza mwanzilishi, mtunzi na sauti yake kwa siku moja, na haikufa. Baadaye Kilaza naye aliondoka, akawa na TK Lumpopo yake. Lakini Cuban ilikuwa imeshaonyesha kwamba bendi inaweza kufiwa na ikaishi.

Sasa Mbaraka. Alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule wa bendi. Yaani mtu na bendi yake walikuwa hirimu. Aliingia Moro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na hapa naomba msomaji apige hesabu pamoja nami. Bendi ilikuwa imeishi kama miaka ishirini kabla hajaigusa. Ilikuwa na wapigaji, na mashabiki, na jina. Mbaraka alikaa nayo chini ya miaka kumi. Iweje chini ya miaka kumi ya mtu mmoja ifute miaka ishirini ya watu wengi?

Kipaji kilikuwepo, hilo halina ubishi hata kwa babu. Gitaa la solo, sauti, utunzi, vyote kwa mtu mmoja. Wakampa jina la Soloist National. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia, na wimbo uitwao "Expo 70" ukabaki kuwa ushahidi. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, naye alikuwa na wimbo wenye jina hilo hilo, "Jogoo la Shamba". Jogoo la Morogoro liliwika Japani.

Miaka mitatu baadaye, kabla hajatimiza miaka thelathini, akaondoka na kuunda Super Volcano. Ikavuma Tanzania, ikavuma Kenya, na "Shida" ukawa wimbo ambao hata mtoto wa leo akiusikia kwenye daladala anatikisa kichwa. Moro Jazz ikabaki na jina, ikajikongoja, ikazimika. Januari 1979 Mbaraka naye akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Super Volcano haikurudi tena kuwa ile.

Hizo ndizo tarehe. Kilichobaki chote ni tabia, na kwenye tabia ndipo ubishi unaponoga. Alikuwa na majivuno? Alikuwa mpole aliyechoshwa? Alipenda pesa? Nimewauliza wazee wengi swali moja tu: "Uliwahi kukaa naye mkaongea?" Wengi walimwona jukwaani. Mmoja aliwahi kumpa sigara. Sasa hiyo tabia wanaijuaje? Wanaisoma kwenye nyimbo. Akiimba habari za kusimangwa, wanasema unaona, alikuwa mtu wa kinyongo. Akiimba shida, wanasema alikuwa mnyonge. Akiimba heshima, wanasema alijifanya mwalimu wa watu.

Wenzangu mnaoandika mnalijua tatizo hili. Ukiandika hadithi ya mlevi inayoanza na neno "mimi", shangazi anakuita pembeni kukuonya kuhusu pombe. Yule "mimi" wa wimbo ni mtu aliyetungwa, kama wa kwenye riwaya. Mtunzi anaweza kumvika huzuni asubuhi, jioni akamvika furaha, na yeye mwenyewe akaenda zake kula ugali. Kumhukumu Mbaraka kwa nyimbo zake ni kumhukumu fundi cherehani kwa nguo za wateja.

Tena tukiacha tabia, tukatazama kazi yenyewe ilivyokuwa, kuondoka kwake hakuhitaji kiburi hata chembe. Katika bendi nyingi za wakati ule vyombo havikuwa mali ya wanamuziki. Vilikuwa vya klabu, vya tajiri au vya shirika. Mpigaji alitegemea kiingilio cha mlangoni, na kiingilio hicho kiligawanywa kwa watu wengi. Radio Tanzania iliwarekodi na kuwafanya wajulikane nchi nzima, lakini kujulikana hakujazi chungu. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Santuri zilitoka Nairobi, na njia ya pesa ikapita huko huko. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyozaa chama cha kukusanya haki za wasanii, COSOTA, ilikuja mwaka 1999, yeye akiwa na miaka ishirini kaburini. Mtu anayejua kwamba jina lake ndilo linalojaza ukumbi, atafanya nini? Atatafuta mahali ambapo jina hilo ni lake. Tazama santuri za baadaye: ni Mbaraka Mwinshehe na Orchestra Super Volcano. Jina limetangulia.

Wala hakuwa wa kwanza. Kule Kongo, mwaka 1963, Tabu Ley na Dr Nico walitoka African Jazz ya Kabasele wakaunda African Fiesta. Kwetu Muhidin Gurumo alitoka kwenye bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, ile iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, akaenda Mlimani Park mwaka 1978, na mwaka 1985 akahamia Safari Sound. Aliwaacha wenzake mara mbili, wapenzi wakanuna, lakini bendi zote mbili alizoziacha ziliendelea. Ile ya NUTA ilibadili majina, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na Gurumo mwenyewe akarudi kuzeekea humo. Tofauti iko wapi? Vyombo vilikuwa vya jumuiya na mshahara ulikuwepo, sawa. Lakini pia walikuwepo waimbaji wengine ambao watu walikuwa tayari kuwasikiliza. Mmoja akitoka, ukumbi haukutoka naye.

Hapo ndipo nilipomrudia babu. Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka mlimani mpaka Kilakala, yeye amekaa barazani na redio yake. Nilimwamkia, nikakaa. Nikamwambia, "Babu, wewe ni Moro Jazz tangu ujana wako. Hebu nitajie wanamuziki wa Moro Jazz, ukimtoa Mbaraka."

Alianza kwa nguvu. Akataja wa kwanza, akataja wa pili. Wa tatu alimkumbuka kwa jina la utani. Wa nne akawa "yule mrefu wa besi". Wa tano akawa "wale wapulizaji". Akanyamaza. Nilitegemea atanifokea, maana ndiyo dawa yake ya maswali magumu. Badala yake akasema taratibu, "Walikuwa wengi, mjukuu wangu. Walikuwa wazuri sana."

Maskini babu. Miaka yote hii ameitetea bendi dhidi ya mtu mmoja, kumbe naye alikuwa anamwangalia mtu huyo huyo mmoja. Yeye na fundi baiskeli walikwenda ukumbini kumtazama mmoja, wakamshangilia mmoja, na mmoja huyo alipotoka hawakurudi kumsikiliza aliyebaki amesimama mahali pake. Cuban Marimba waliuzika mwili, wakampa Kilaza masikio yao. Mashabiki wa Moro Jazz walinuna. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Pesa ilikuwepo, vyombo vilikuwepo, Nairobi ilikuwepo. Ila katika orodha ya walioizika Moro Jazz sijawahi kumsikia mzee yeyote akijitaja mwenyewe.

Wiki ile ile mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa muda mrefu baada ya yote haya, aliniona ninaandika akauliza, "Moro Jazz ndiyo kitu gani?" Nikamwambia ni bendi ya Mbaraka. "Si Mbaraka wa 'Shida'?" Ndiye. "Kumbe alikuwa na bendi!" Nikamtazama babu. Alikuwa amesikia, lakini alijifanya anatafuta stesheni.

Nasi tulio kwenye vikundi vya uandishi tujiangalie. Kikundi chetu hapa mjini kina watu saba, na yupo mmoja ambaye tukikutana sote tunasubiri asome yeye. Ni hodari kweli. Mwezi uliopita alipata nafasi Dar na ameondoka, na nimeshawasikia wenzangu wawili wakisema ana maringo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuliamini neno hilo. Sasa nimeshika daftari la binti mmoja wa Kichangani ambaye kwa miaka miwili amekuwa akija vikaoni, na sikumbuki hata siku moja tuliyomwomba asome.

Na wewe msomaji, kama una mzee wa Mji Mpya, Kilakala au Bigwa aliyecheza dansi enzi zile, mfuate kabla ya Idi ijayo. Usimuulize habari za Mbaraka, hizo anazo. Muulize yule mrefu wa besi aliitwa nani.