Imani, Uchovu na Moshi wa Tumbaku katika Maisha ya Wanafunzi

Dini na uchovu ni majirani wa mwanafunzi wa tangu zamani. Dini ndiyo iliyojenga vyuo vingi vya kale, na uchovu haujapata kumsamehe mtu aliyekesha juu ya kitabu. Jirani wa tatu alikuja baadaye, naye ni tumbaku, mmea uliovuka bahari kutoka Amerika katika karne ya 16. Tangu ulipowasili, wenye dini na wenye vyuo walikuwa na neno la kusema juu yake, na aghalabu neno hilo lilikuwa katazo. Historia ya makatazo hayo ina funzo ambalo halijachakaa: aliyekataza moshi bila ya kuutazama uchovu hakuuondoa moshi, bali aliuhamishia mafichoni.

Ushahidi wa mapema ni wa Nicolás Monardes, tabibu wa Seville, aliyeandika habari za tumbaku mwaka 1571. Alieleza kuwa watumwa Waafrika katika nchi za Amerika waliyavuta majani hayo ili kujiondolea uchovu wa kazi, na kuwa mabwana zao waliwaadhibu na kuyachoma majani yenyewe. Watumwa wakaenda kuvuta mahali pa siri. Bwana aliliona kosa la kuvuta; kazi iliyomchosha mvutaji hakuiona, au hakutaka kuiona.

Tumbaku ilipofika katika nchi za Kiislamu, iliwakuta wanazuoni katika mtihani mgumu. Qurani haikuitaja, wala Hadithi haikuitaja, kwa kuwa haikujulikana zama za Mtume. Ilibidi ipimwe kwa maswali mawili: je, inalevya? Je, inadhuru? Ahmad Baba wa Timbuktu, mwanachuoni aliyechukuliwa mateka na majeshi ya Moroko na kuhamishiwa Marrakesh, aliandika risala juu ya jambo hili mwaka 1607. Aliiona tumbaku kuwa halali, kwa kuwa haikuwa kileo. Huko Misri, Ibrahim al-Laqani aliikataza, ilhali Ali al-Ujhuri, mwenzake katika madhehebu yale yale ya Maliki, aliiruhusu. Hitilafu hiyo haikutokana na upungufu wa imani upande wowote. Wote waliamini kuwa kinachodhuru hakifai. Waliyokosa ni maarifa ya kuthibitisha dhara.

Mahali ambapo hoja iliachwa na upanga ukashikwa ni Istanbul. Mhubiri Kadizade Mehmed aliilaani tumbaku pamoja na kahawa kuwa ni uzushi, na Sultani Murad IV, baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya mji mwaka 1633, alifunga nyumba za kahawa na kuamuru wavutaji wauawe. Miongoni mwa waliohudhuria darasa za Kadizade alikuwa kijana mmoja mpenda vitabu, Katip Çelebi, ambaye baadaye alipata kuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa dola ile. Mwaka 1656 aliandika kitabu cha kupima mabishano ya zama zake, na humo hakumfuata mwalimu wake. Alisimulia kuwa hata siku za kuuawa watu, askari walificha viko vifupi katika mikono ya nguo zao na kupata nafasi ya kuvuta, na wengine waliingia vyooni kuvuta humo. Alihukumu kuwa desturi iliyokwisha kuzoewa na umma haing'olewi kwa nguvu. Murad alikuwa amekwisha kufa tangu 1640, na moshi ulikuwa umerudi barazani.

Wakristo nao hawakufanya vizuri zaidi. Mfalme James I wa Uingereza alitoa kijitabu cha kuishutumu tumbaku mwaka 1604, na mwaka uliofuata alisikiliza mjadala wa matabibu juu yake katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alipozuru Cambridge mwaka 1615, wakuu wa chuo waliwakataza wanafunzi kuvuta katika kanisa la Mtakatifu Maria na katika ukumbi wa Trinity, na adhabu ilikuwa kufukuzwa. Mwaka 1642 Papa Urban VIII alikataza tumbaku katika makanisa ya jimbo la Seville, mji ule ule wa Monardes. Katika karne hiyo hiyo, Chuo cha Harvard, kilichoasisiwa na Wakristo wenye msimamo mkali, kiliwaruhusu wanafunzi tumbaku kwa masharti: idhini ya mkuu wa chuo, ridhaa ya wazazi, na sababu iliyotolewa na tabibu, tena itumiwe kwa kiasi na faraghani. Faragha, basi, iliandikwa katika sheria yenyewe.

Swali la dhara lilijibiwa katika karne ya 20. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza uchunguzi uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitangaza hukumu kama hiyo. Maarifa yalipokamilika, fatwa nazo zikasogea. Nasr Farid Wasil, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1996 hadi 2002, aliiharamisha tumbaku kwa hoja ya dhara, hoja ambayo wanazuoni wa karne ya 17 walikuwa nayo mkononi bila ya ushahidi.

Limebaki swali la faraja, nalo ndilo la mwanafunzi. Yeye husema kuwa sigara humtuliza wakati wa mitihani, na hasemi uongo. Husema nusu ya kweli. Nikotini hufika ubongoni kwa nukta chache tu, na baada ya muda wa saa mbili hivi nusu yake imekwisha kutoka damuni. Inapopungua, mwili uliozoea huanza kuhangaika, na sigara inayofuata huondoa hangaiko lililoletwa na ile iliyotangulia. Ni kukopa harusi na kulipa matanga. Mwaka 2014 wachunguzi wa Uingereza walizilinganisha tafiti 26 wakaona kuwa waliofaulu kuacha walipungukiwa na wahaka na huzuni kuliko walioendelea kuvuta.

Ikiwa sigara haiponyi dhiki, na katazo peke yake haliponyi sigara, imani ina kazi gani? Mfano mmoja ni wa Wasabato, ambao kanisa lao limekataza tumbaku tangu karne ya 19. Uchunguzi ulioanzishwa kwao California mwaka 1958 ulionyesha kuwa saratani ya mapafu iliwaua kwa uchache sana kuliko jirani zao. Walakini hawakuishia katika kukataza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walianzisha mafunzo ya jioni tano kwa wenye kutaka kuacha, wawe waumini au wasiwe. Daktari na mchungaji waliongoza pamoja, na wenye kuacha walikutana, wakasikilizana, wakatiana moyo. Hapo katazo lilipata mwenzi wake, yaani msaada.

Tafiti za nchi nyingi zimeona kuwa wanafunzi wenye kuhudhuria ibada huvuta kwa uchache kuliko wasiohudhuria. Kwa sehemu sababu ni katazo lenyewe, na kwa sehemu ni jamaa: mwenye kusali pamoja na wengine ana mtu wa kumuuliza hali yake juma la mitihani. Mzigo wa mwenzio, Waswahili husema, ni kanda la usufi. Lakini kanda hilo haliwi jepesi kwa mwenyewe mpaka apate wa kulishika upande wa pili. Msikiti wa chuo au kanisa la chuo likimwambia kijana kuwa tumbaku ni dhambi, kisha likamwacha peke yake na ada asiyoweza kulipa na mtihani aliokwisha kuanguka mara moja, litakuwa limefuata njia ya Murad bila ya upanga wake. Kijana hatabishana. Atapokea mawaidha kwa adabu, ataitikia amina, kisha atakwenda nyuma ya bweni kutafuta kiberiti.