Simu haifungui seva ya dukani: mambo ya kukagua kwenye amri

Fundi wa tovuti anayemwonyesha kazi mwenye duka wa Kariakoo hahitaji kulipia seva. Kama Python imo kwenye kompyuta, amri moja inatosha: python3 -m http.server 8000. Kwenye Windows, mara nyingi huandikwa py badala ya python3. Ukurasa hufunguka kwa http://localhost:8000 bila kula bando. Hapa tunaeleza pa kuangalia ikigoma.

Tuanze na ujumbe wa kosa. "No module named SimpleHTTPServer" maana yake umenakili amri ya Python 2, toleo lililoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. "Address already in use" ni poti iliyoshikwa, mara nyingi na seva yako mwenyewe ya asubuhi. Kwenye Linux wengi hubonyeza Ctrl+Z wakidhani wameizima, kumbe imesimama tu na poti haijaachiwa. Kuzima ni Ctrl+C. Vinginevyo taja poti nyingine, kama 8001.

Kinachosumbua zaidi ni kompyuta kufungua ukurasa huku simu ya mteja ikikataa. Ukiandika localhost kwenye simu, simu inajitafuta yenyewe. Andika anwani ambayo kompyuta imepewa na ruta, mfano http://192.168.1.10:8000, kwenye Windows ipconfig huionyesha. Bado? Huenda fayawoli imeizuia Python, au amri yako ina --bind 127.0.0.1, inayoifungia seva ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Lakini usiiondoe harakaharaka. Bila --bind, yeyote aliye kwenye Waifai hiyo anaweza kuingia, na seva hii haiulizi nywila. Pale maduka kadhaa yanapochangia Waifai moja, jirani naye yumo. Folda isipokuwa na index.html, ataona orodha ya mafaili: ankara za mzigo, nakala za vitambulisho vya wateja, bei uliyonunulia. Hiyo ya mwisho, kwa Kariakoo, si siri ndogo.

Kwa hiyo tenga folda yenye kurasa za kuonyesha tu, uitaje: python3 -m http.server 8000 --directory katalogi. Chaguo hili lipo kuanzia Python 3.7. Watengenezaji wa Python wenyewe wanaonya kwamba seva hii si ya kuendeshea tovuti ya kudumu. Mteja akishaona, Ctrl+C.