Samaki wa Naivasha Hangoji Mzani

Ziwa Naivasha, kwa asili yake, halikuwa na samaki wa kumlisha mtu. Mwenyeji wake alikuwa kisamaki kidogo ambaye hajaonekana tangu 1962. Wa biashara waliletwa: bass kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa starehe ya walowezi waliopenda ndoana, tilapia wa aina mbalimbali, kisha kamba wa maji baridi mwaka 1970. Uvuvi wa nyavu wa kibiashara ulifunguliwa 1959.

Kufikia hapo ushirika wa kuuza mazao pamoja haukuwa mgeni Bonde la Ufa, lilimo ziwa hili. Chama cha kwanza nchini kilizaliwa Lumbwa, leo Kipkelion, mwaka 1908, na Nakuru ilikuwa makao ya Kenya Farmers' Association. Lakini vyama hivyo vilikuwa vya walowezi. Mwafrika alifunguliwa mlango na sheria ya 1945. Tena vazi la ushirika lilishonwa kwa kipimo cha mkulima. Buni haina budi kupita kiwandani, maziwa yasipopozwa yanaganda, basi mkulima na mzani wa chama hawaachani. Mvuvi je? Mtumbwi ukigusa nchi kavu, mama wa samaki yupo na pesa mkononi, na deni la nyavu linauma. Nani angoje malipo ya mwisho wa mwezi?

Huko Ziwa Turkana walijaribu kumlazimisha mvuvi angoje. Wafadhili wa Norwe walijenga Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki, mzigo uuzwe kupitia ushirika wa wavuvi. Kugandisha samaki katika jangwa lile kulimeza umeme na maji kupita kiasi. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi tu, na katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki, ikakauka.

Naivasha iliponzwa na kitu kingine: nyavu nyingi, samaki wachache. Mwaka 2001 serikali ikasimamisha uvuvi ziwani. Mwaka huohuo akaonekana carp, ambaye hakuna aliyempanda humo kwa makusudi, naye ndiye aliyekuja kujaza mitumbwi. Kisha zikaja kanuni za 2007 za vikundi vya usimamizi wa fuo, vile ambavyo kila mtu huviita BMU. Wenye boti, wavuvi na wachuuzi husajiliwa pamoja, huchagua viongozi, husaidia doria dhidi ya nyavu haramu. Kisheria si ushirika, ila kwa maoni yangu vimegusa penye kidonda zaidi ya kile kiwanda cha Kalokol: vimeanza na samaki aliye bado majini.

Bei ni habari nyingine. Hiyo, pale Kamere kando ya Ziwa Naivasha, hupatanwa palepale ufuoni, magamba yakiwa bado yana maji.