Chuma Kilichofunguliwa kwa Spana

Baiskeli ya Raleigh iliyotoka kiwandani Nottingham, Uingereza, ilifika Usukumani ikiwa imevaa kamili: madigadi mawili ya bati, kava la cheni, keria nyuma, stendi, kengele, pampu iliyobanwa kwenye fremu, na breki za vyuma zilizoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Magurudumu yalikuwa ya inchi 28. Baiskeli nzima ilikaribia kilo 20. Baada ya misimu michache ya mvua katika mbuga za Shinyanga, sehemu kubwa ya mavazi hayo ilikuwa imeshafunguliwa kwa spana na kusukumwa uvunguni mwa kitanda.

Fedha ya kununulia chuma hicho ilitoka shambani. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na pamba ikapata njia ya kwenda pwani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wasukuma walifyeka mashamba mapya kwa kasi kubwa, na mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo jina la kiongozi wake, Paul Bomani, halitengani nayo. Mkulima aliyekwisha kulipwa pamba yake aliwaza ng'ombe, bati la nyumba na baiskeli. Wengine walikuwa watu wa mshahara. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kulikuwa na vibarua waliotaka kurudi kijijini juu ya magurudumu mawili, kijiji kizima kikiwaona.

Cha kwanza kuvuliwa kilikuwa madigadi, na sababu haikuwa mbio. Ardhi ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata vibaya mvua inaponyesha. Tairi likizunguka hubeba tope na kulipeleka ndani ya digadi. Tope hushindiliwa, gurudumu hukwama, na mwenye baiskeli hushuka kulichokoa kwa kijiti. Anapanda, anakwenda kidogo, anashuka tena. Akiondoa bati, tope litamrukia mgongoni lakini gurudumu litazunguka. Huo ulikuwa uamuzi wa kihandisi hasa, uliofanywa na watu wasiohesabiwa kuwa wahandisi, juu ya chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mitaa ya Ulaya.

Breki zilikuwa na habari ndefu zaidi. Mwendeshaji akibana mkono wa usukani, fimbo ya chuma hupanda, ikavuta fimbo nyingine, na vipande viwili vya raba vikakandamiza rimu upande wa ndani, kule zinakotokea spoku. Kila kiungo kina nati yake, na kila nati hulegea kwenye barabara ya makorongo. Rimu ni chuma kilichong'arishwa, kwa hiyo ikilowa raba huteleza. Gurudumu likipinda kidogo tu, raba husugua upande mmoja na mwendeshaji hukanyaga kwa nguvu za bure. Fundi alikuwa na kazi mbili: kunyoosha gurudumu kwa kukaza na kulegeza spoku moja moja, kisha kurudisha fimbo zote mahali pake. Wateja wengi walimwomba afanye ya kwanza na kuiacha ya pili.

Nchi tambarare iliwaruhusu. Katika tambarare za Shinyanga baiskeli husimama yenyewe mtu akiacha kukanyaga, na likitokea la ghafla, soli ya kandambili huwekwa juu ya tairi. Hata hivyo jambo hilo halifai kupambwa. Breki iliyoondolewa ilipunguza uzito mdogo sana, ikaondoa usalama mwingi, hasa mjini kwenye magari na watoto wanaokatiza barabara. Mtu wa Geita hakuweza kuiga kirahisi. Kule kuna vilima, na mteremko wa Geita hauzuiliki kwa kandambili.

Mbio ndizo zilizogeuza mazoea haya kuwa ufundi. Katika mashindano ya sikukuu na maonyesho, kijana alileta baiskeli ileile iliyobeba gunia juzi, na fundi akaiandaa chini ya mwembe. Keria ilitoka, stendi ikatoka, kengele, kava la cheni, taa na dinamo yake. Usukani uligeuzwa chini juu ili mgongo uiname na kifua kisipokee upepo wote. Kisha ikaja kazi isiyoonekana: gololi zilitolewa, zikaoshwa kwa mafuta ya taa ndani ya kopo, zikapanguswa moja moja kwa kitambaa, zikarudishwa na oili nyepesi badala ya grisi nzito. Fundi aliinua gurudumu, akalisukuma kwa kidole na kulisikiliza. Likizunguka kwa muda mrefu bila kukwaruza, kazi imekwisha.

Hesabu iliyokuwa chini ya mwembe ndiyo hesabu ya magari ya michezo duniani. Kilo iliyo kwenye gurudumu huumiza zaidi ya kilo iliyo kwenye kiti, kwa sababu lazima isukumwe mbele na pia izungushwe. Kwa gari kuna la zaidi: uzito ulio chini ya springi hurushwa na kila shimo la barabara, na tairi hupoteza mshiko. Ndiyo maana wenye magari ya kasi hutoa diski za breki za chuma na kuweka za kaboni na kauri. Jaguar iliposhinda Le Mans mwaka 1953 kwa breki za diski, faida yake kubwa ilikuwa kwamba breki hizo zilistahimili joto na dereva aliweza kuchelewa kuzikanyaga. Kasi ilitoka kwenye uwezo wa kusimama. Somo hilo ndilo lililokosekana kwa kijana aliyeacha breki zake uvunguni mwa kitanda.

Afrika Mashariki ilikuwa na mtihani wake wa magari, Safari Rally, iliyoanza mwaka huohuo wa 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia lisilo na umbo la mashindano. Datsun 240Z, gari la michezo kwelikweli, ilishinda mwaka 1971 na 1973, lakini ikiwa imeongezwa bamba la kukinga injini, taa za ziada na matairi ya akiba. Barabara zetu zilidai chuma kiongezwe palepale ambapo kwingine kilitakiwa kipunguzwe.

Usukumani mambo hayo mawili yalifanywa na fundi mmoja kwa siku moja. Asubuhi alivua baiskeli ya mbio. Jioni aliletewa baiskeli ya kubebea mzigo, akachomelea vyuma viwili kando ya foku, akaongeza nondo chini ya keria na kubadilisha spoku nyembamba kwa nene. Baiskeli za aina hii zilihitajika sana kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wa Geita, kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, ambako viroba vya mawe ya dhahabu lazima vifike kwenye makarasha ya kusagia, na dumu za maji zifike kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Mtu haipandi baiskeli hiyo. Anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo.

Ukaja wakati ambao uchaguzi haukuwapo. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka na vipuri vikaadimika. Tanzania ilikuwa na baiskeli yake, Swala, iliyotengenezwa na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, lakini mahitaji yalizidi sana. Breki iliyovunjika haikurudishwa kwa sababu haikuwapo dukani. Biashara ya nje ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, Phoenix ya Shanghai ikajaa madukani pamoja na Hero na Avon za India. Baiskeli ikawa pia teksi. Shinyanga na Kahama waliziita daladala, zikiwa na mto laini kwenye keria na vikanyagio vya abiria. Kwa daladala breki zilirudi, maana abiria anayelipa hakubali kandambili.

Mbio zilipata mdhamini mkubwa katika muongo wa 2000, kampuni ya simu ya Vodacom, kupitia mashindano yake ya Mwanza. Wanaume waliendesha karibu kilomita 200, wanawake 80, na watu wenye ulemavu walishindana kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Baiskeli za alumini zenye giya zilianza kuonekana kwenye mstari mmoja na Phoenix zilizovuliwa. Chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kiliweka mwaka 2000 kiwango cha chini cha uzito, kilo 6.8, kwa kuogopa kwamba watengenezaji wangepunguza hadi fremu zivunjike. Mtu wa Shinyanga aliyeshindana kwa chuma chenye uzito zaidi ya mara mbili ya huo na kufika mwisho wa mbio alistahili kupewa baiskeli ya saizi yake zaidi ya fulana na bahasha.

Sasa pikipiki zimetwaa kazi ya daladala, na tabia ya kuvua imehamia huko. Vijana wa Kahama na Katoro hufungua sailensa ya ekzosi wakisema injini inapumua vizuri. Kwa injini ya sentimita za ujazo 125 kinachoongezeka hasa ni kelele, na trafiki wanaisikia kabla hawajaiona. Mafundi wazee wa baiskeli, ambao wengi wamejifunza pikipiki, huwashauri waanze na vitu vingine: upepo wa matairi, cheni iliyolegea, na pedi za breki ambazo zimekwisha hadi chuma kinagusa chuma.